Gemu ya Filamu: Jinsi ya Kuitambua Iliyo Bora

Filamu ikishapendwa, gemu yake haikawii. Kijana aliyetoka kumwona Spider-Man kwenye banda la video hapa Didia akifungua duka la programu kwenye simu yake, atamkuta shujaa yule yule anamsubiri, picha inang'aa, na kupakua ni bure. Hapo ndipo bando la wengi linapoteketea, kwa sababu wanadhani jina kubwa ni dhamana ya kazi nzuri. Jina hilo limekodishwa tu. Mwenye filamu anauza leseni, kampuni ya gemu inanunua, na ubora wa kilichomo ndani unatoka kwa waliounda gemu, hata kama filamu yenyewe ilivunja rekodi.

Jambo hili ni la zamani kuliko simu janja. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilimpa mtengenezaji mmoja, Howard Scott Warshaw, wiki tano hivi aunde gemu ya filamu ya E.T. ili iwahi Krismasi. Ikatoka, ikawachosha wachezaji, na mwaka 1983 Atari ikafukia kaseti zake kwenye dampo la Alamogordo, New Mexico. Baadhi ya kaseti hizo zilifukuliwa mwaka 2014, watu wakipiga picha. Kinyume chake, GoldenEye 007 ya kampuni ya Rare ilitoka mwaka 1997, karibu miaka miwili baada ya filamu ya James Bond iliyoizaa. Filamu ilishapita kwenye kumbi, lakini gemu ilikuwa imeiva, na mpaka leo inatajwa miongoni mwa gemu bora zilizotokana na filamu.

Sisi wa mabanda ya video tuna kipimo chetu cha kazi ya namna hii, nacho ni msimulizi. Derek Mukandala, anayefahamika zaidi kwa jina la Lufufu, aliwapa Watanzania filamu za nje kwa Kiswahili chake mwenyewe. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Msimulizi mzuri anaijua filamu inahusu nini. Anaacha maneno mengine, anaongeza maelezo pale mtazamaji atakapopotea, na ukitoka bandani umeipata hadithi. Msimulizi mbaya anapiga kelele juu ya picha. Gemu ya filamu nayo ni usimulizi, ila mtazamaji amepewa nafasi ya kutenda. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: waliounda gemu hii waliielewa filamu, au walinunua sura tu?

Kidole kifanye kazi ya mhusika

Angalia kidole chako kinafanya nini, kisha jiulize kama kazi hiyo inafanana na anachofanya mhusika kwenye filamu. Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote.

Chukua Angry Birds Star Wars, iliyotolewa na Rovio mwaka 2012. Manati na nguruwe ni wale wale wa Angry Birds ya kwanza ya mwaka 2009. Lakini ndege aliyevaa joho la Obi-Wan, ukigusa kioo akiwa hewani, anasukuma mbao na mawe kwa nguvu isiyoonekana kuelekea upande uliouchagua. Ndege wa Luke anafyeka kwa upanga wa mwanga. Kwenye hatua za angani kila sayari ina mvutano wake, hivyo ndege uliyemrusha juu anapinda, anaizunguka sayari na kumfikia nguruwe kwa nyuma. Mtu ambaye hajaona hata filamu moja ya Star Wars ataelewa kwa kidole kwamba huu ni ulimwengu wa nguvu za siri na safari za anga. Temple Run: Brave ya mwaka huo huo ilifanya jambo dogo lenye akili ile ile: Merida wa kwenye filamu ni mpiga upinde hodari, basi mchezaji akawa anakimbia huku anagusa shabaha na kuachia mishale.

Sasa linganisha na The Hobbit: Kingdoms of Middle-earth, ambayo Kabam waliitoa mwaka 2012. Hadithi ya Bilbo, shujaa wa filamu hiyo, ni safari ya miguu: njaa, baridi, mapango, na joka mwishoni. Gemu ikawa ya kujenga mji, kungoja jengo likamilike, kujenga jingine, na kujiunga na muungano ili ushambulie wengine. Wapo walioipenda kwa dhati kama gemu ya vita na mipango. Lakini kama usimulizi wa filamu ilikosa mguu wenyewe wa safari, na mtu aliyetafuta safari ya Bilbo hakuikuta.

Funika sura

Kipimo cha pili: mwondoe shujaa. Jiulize, kama huyu angekuwa kijana asiye na jina, ningeendelea kucheza? Gemu inayosimama bila sura ina ufundi ndani yake.

Marvel Contest of Champions, iliyotoka mwaka 2014 na bado ipo, inafaulu hapa. Upande wa kulia wa kioo ni wa kushambulia: ukigusa unapiga pigo jepesi, ukitelezesha kidole unapiga la kati, ukibonyeza na kushikilia unapiga zito. Upande wa kushoto ni wa kujikinga: ukishikilia unazuia, ukitelezesha kwenda nyuma unakwepa. Kanuni ni hizo tu, unazijua siku hiyo hiyo, lakini kumkwepa adui kwa wakati sahihi kabisa kunakuchukua wiki kadhaa. Hata ukimfunika Iron Man kwa kidole gumba, pambano linabaki pambano. Gemu inayotulia mikononi kiasi hicho ina watu makini nyuma yake.

Ugumu wa haki na ugumu wa biashara

Gemu nzuri ni ngumu. Ukishindwa unajua kosa lako, unarudi, unalirekebisha, na siku unayopita unajua ni wewe uliyepita. Lakini kuna ugumu mwingine unaowekwa ili mtu atoe pesa, na mpimaji lazima autenganishe na ule wa kwanza.

The Lion King ya mwaka 1994, iliyotengenezwa na Westwood Studios, ina hatua ya pili iliyowaliza watoto wa nchi nyingi: Simba mdogo anaruka juu ya twiga na kurushwa huku na huko na nyani, na ukikosea mpangilio unaanguka. Louis Castle wa Westwood alikuja kueleza kwamba Disney walitaka gemu iwe ngumu mapema, ili aliyeikodi kwa mwisho wa wiki asiimalize kabla ya kuirudisha dukani. Ugumu ule ulipimwa kwa hesabu za duka, na mchezaji akaubeba yeye.

Kwenye simu hesabu hizo zimekuwa kali zaidi. Harry Potter: Hogwarts Mystery ya Jam City ilipotoka mwaka 2018, mwanzoni tu mwanafunzi ananaswa na mmea unaomkaba. Mchezaji anagusa, anagusa tena, mtoto anajivuta, na ghafla nishati inaisha. Mmea bado umemkaba. Kioo kinakupa njia mbili: ungoje nishati ijae yenyewe, au ulipe sasa hivi. Kuta za shule ya Hogwarts zilichorwa vizuri, lakini kumwacha mtoto amekabwa ili mkoba ufunguke ni dosari ambayo picha nzuri haiwezi kuifuta. Kumbuka kanuni hii: gemu inayokuomba pesa baada ya kukufurahisha inafanya biashara, inayokuomba katikati ya hofu inakuvizia.

Angalia pia masanduku ya bahati, yale unayolipia bila kujua kilichomo. Contest of Champions niliyoisifu hapo juu inayo pia, kwa sura ya fuwele za kufungua, na mtu mwaminifu lazima aiondolee alama kwa hilo. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya namna hii katika gemu kadhaa ni kamari. Kijana wa machimbo ya Kakola au Katoro anayejua duara, yaani shimo la kuchimbia, linavyoweza kula mtaji bila kutoa kitu hahitaji kufundishwa hatari hii. Anachohitaji ni kuitambua ikiwa imevaa nguo ya katuni. Gemu inayoonyesha wazi uwezekano wa kupata kila zawadi ina afadhali; inayouficha, ipite.

Bando, chaji na nafasi

Wataalamu wa mijini mara nyingi hawapimi jambo hili, ila huku kwetu gemu inaishi au inakufa kwa hilo. Simu ya bei ya kawaida ina nafasi ndogo, na nusu yake imeshajaa picha za harusi na nyimbo. Gemu inayopakuliwa ndogo kisha ikifunguliwa inadai faili kubwa zaidi kabla hujacheza, haikusema ukweli mlangoni. Hogwarts Mystery na Contest of Champions zote zinahitaji intaneti muda wote. Angry Birds Star Wars ilichezeka hata mtandao ukiwa umekatika.

Fanya jaribio hili: zima data, fungua gemu, ona kama inakubali. Kisha icheze nusu saa uishike simu nyuma. Ikichemka na chaji ikashuka kwa kasi, waliounda hawakukufikiria wewe unayepeleka simu kwenye kibanda cha kuchaji na kuiacha humo mchana kutwa. Ufundi wa kweli unaonekana pale gemu inapopunguza yenyewe ubora wa picha ili simu ya kawaida isigande.

Kuna gemu zinazotumia ramani, kama Jurassic World Alive ya mwaka 2018, ambapo unatembea mtaani ukitafuta dinosaria. Wazo linaendana na filamu kabisa. Lakini kabla ya kuipenda, ifungue ukiwa umesimama nyumbani kwako uone vitu vya kuokota viko umbali gani. Gemu ya ramani inaweza kuwa bora London na ikawa tupu mashambani, na kwako wewe alama inayohesabika ni ile ya mahali ulipo.

Wenzako ni watu au ni chambo?

Gemu nyingi zinasema ni za kijamii. Chunguza ujamii wake. Ya ovyo inataka uwatumie marafiki maombi kumi ili upewe uhai mmoja. Nzuri inakupa sababu ya kuzungumza na mwenzako: mpange nani atangulie, mpeane mbinu, mshindane mkiwa mmekaa benchi moja. Ukiona vijana wawili wanapokezana simu moja huku wa tatu anaelekeza, "Kwepa kwanza, kwepa!", jua gemu hiyo ina kitu, hata kama haijaandika popote kwamba ni ya kijamii.

Umri wake

Gemu inayotegemea seva inakufa siku mwenyewe akiizima. Star Wars: Uprising ya Kabam ilianza mwaka 2015 ikafungwa Novemba 2016. Harry Potter: Wizards Unite ya Niantic ilianza Juni 2019 na kufungwa tarehe 31 Januari 2022. Kila kitu kilichonunuliwa humo kilikwenda nayo. Kwa hiyo kabla ya kulipia, tazama mara ya mwisho gemu ilipofanyiwa apdeti na usome maoni ya karibuni ya wachezaji. Ikiwa imekaa muda mrefu bila kuguswa, cheza bure, usiweke pesa.

Gemu isiyohitaji seva ina maisha mengine: hutoka simu hadi simu kwa Xender, na mdogo mtu hurithi ya kaka yake. Hapo nina onyo moja zito. Faili uliyopewa mtaani inaweza kuwa imechezewa. Ikiomba ruhusa ya kusoma meseji zako au orodha ya majina, ikatae na uifute. Gemu ya kukimbia haina shida na meseji zako, na simu hiyo hiyo ndiyo yenye M-Pesa au Airtel Money yako.

Hukumu

Nikipima, kazi ya kidole naipa uzito wa kwanza, ufundi unaobaki sura ikifunikwa naupa wa pili, na adabu ya gemu mbele ya pesa yako naipa wa tatu. Bando na chaji vinaweza kuiangusha gemu iliyofaulu yote hayo, kwa sababu gemu usiyoweza kuiwasha haina ubora kwako. Picha naiweka mwisho, maana picha inanunuliwa pamoja na leseni.

Saa ya kwanza inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii. Cheza bila kulipa chochote. Hesabu ni mara ngapi gemu imekusimamisha kwa tangazo au kwa ombi la pesa, na ni mara ngapi imekusimamisha kwa sababu umekosea. Ukikosea mara nyingi kuliko unavyoombwa, endelea nayo. Na ikipita vipimo vyote, usione taabu kuilipia kidogo. Watu walioielewa filamu, wakamheshimu mchezaji na kuijali simu yake ya kawaida, wamefanya kazi ngumu, na wakilipwa wataifanya tena.