Pointi za pikoboli: hesabu inambeba aliyeanza

Ukipita viwanja vya shule Kibaha au Kisarawe jioni, kanuni ya wavu unaijua: mpira ukifa, kuna mtu kapata pointi, awe kasevu au kapokea. Muulize mwalimu wa michezo wa siku nyingi, atakwambia haikuwa hivyo. Zamani upande unaosevu tu ndio uliopata pointi. Ukishinda wakati unapokea, unapewa sevu, basi. Shirikisho la kimataifa la wavu, FIVB, liliiacha kanuni hiyo mwaka 1998. Badminton nayo ikaiacha mwaka 2006.

Pikoboli bado inaing'ang'ania. Huu ni mchezo wa vibao na mpira wa plastiki wenye matundu, uliobuniwa Marekani mwaka 1965. Wakicheza wawili wawili, mechi ni pointi 11, uongoze kwa 2. Kila mmoja wa upande anasevu kabla zamu haijahamia kwa wapinzani, ndiyo maana hutajwa namba tatu: "4–2–1" maana yake wanaosevu wana 4, wapinzani 2, na anasevu mtu wa kwanza. Ila upande unaofungua mechi hupewa mtu mmoja tu, hivyo huanza "0–0–2".

Wengi huona hizo ni mbwembwe. Mimi nasema ni kiraka, tena kina kazi. Hebu tupige hesabu.

Chukulia pande mbili zinalingana, kila mpira ni nusu kwa nusu. Bila kiraka, anayeanza ana nafasi mbili. Kuzikosa zote ni 1/4. Hapo wapinzani nao wanapata mbili, na kuendelea. Jumlisha: anayeanza hupata pointi ya kwanza kwa asilimia 80! Ukiweka kiraka, inashuka hadi 60. Kwa kanuni ya wavu ya leo ni 50. Kweli, pointi moja siyo mechi, na faida hiyo hupungua mchezo ukiendelea. Lakini kiraka kimepunguza upendeleo, hakijaumaliza.

Kuna na suala la muda. Anayesevu akishinda nusu ya mipira, kila pointi hula mipira 2 kwa wastani. Wapokeaji wakiwa wakali, akashinda robo tu, inakula 4. Mechi ya 11–9 ina pointi 20: hiyo ni mipira 40, au 80. Yaani mechi moja inaweza kuchukua muda mara mbili ya nyingine, na wewe uliyepanga ratiba huna namna ya kujua mapema. Jua la Pwani halikusubiri. Saa 12 na nusu jioni kiwanja kisicho na taa kimeshakwisha.

Watetezi wana hoja moja nzito: aliye nyuma 3–10 akiwa na sevu, kupoteza mpira hakummalizi, hivyo bado anaweza kurudi. Ni kweli, na ndiyo raha ya kanuni hii. Kama mko wanne na Jumamosi nzima ni yenu, ichezeni hivyo hivyo.

Ila ukiandaa bonanza la timu nane kwenye kiwanja kimoja, tumia pointi kwa kila mpira, na uwatangazie wachezaji kabla ya kuanza. Timu inayocheza saa 12 jioni nayo ina haki ya kumaliza mechi yake.