Kusema Juu ya Watu na Kusema na Watu

Wengi wenu mmekwisha kusikia jina la Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyefika Kongo mwaka 1933 akafanya kazi kati ya Waluba wa Katanga. Wasomi humsifu au humlaumu kwa ajili ya kitabu kimoja, *La philosophie bantoue*, yaani Falsafa ya Kibantu, kilichotolewa kwa Kifaransa mwaka 1945 huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Katika kambi za migodi alijulikana kwa jambo jingine: Jamaa, umoja wa wakristu ulioanza kwake karibu na Kolwezi mwaka 1953. Leo twataka kuvipima vyote viwili, kitabu na Jamaa, kwani pamoja vyatusaidia kujibu swali linalotugusa sote: mtu huwaje mwenyeji wa Kanisa, asiwe mgeni tu anayeingia Dominika na kutoka?

Sisi wa Kasomeno swali hilo twalijua. Hapa ndipo njia itokayo Lubumbashi inapogawanyika: moja yaenda Kasenga na mto Luapula, nyingine yaelekea kaskazini, Kilwa na Pweto. Watu wanapita, wengine wanakaa msimu mmoja, wengine wanazeeka hapa. Mtu aweza kusali nasi mwaka mzima, akaketi benchi lile lile, na siku akiugua hakuna aujuaye mlango wake. Jina lake limeandikwa, sauti yake tumeisikia katika nyimbo, lakini shida zake hatuzijui. Je, huyo tumempokea?

Tuanze na kitabu. Wakati ule wageni wengi walisema kwamba Mwafrika hana fikira zilizopangika juu ya Mungu na ulimwengu, ila ushirikina tu. Padre Tempels alikana neno hilo waziwazi. Aliandika kwamba hekima ya Waluba ina mzizi mmoja, nao ni nguvu ya uhai. Uzima wa mtu huongezeka au hupungua kadiri anavyoungana na Mungu, na wazee waliotangulia, na ndugu zake. Mtu aliyekatwa na wenzake ni kama tawi lililokatwa na mti. Kusema hayo mwaka 1945 kulihitaji moyo. Mgr de Hemptinne, Vikari wa Kitume wa Katanga, hakupendezwa na kitabu. Na Padre aliporudi Ubelgiji mwaka 1946, alikaa huko mpaka mwaka 1949.

Hata hivyo kitabu kina kasoro mbili, na yafaa tuzitaje bila kuogopa jina kubwa la mwandishi. Kasoro ya kwanza: chasema juu ya watu, lakini chawaachia nafasi ndogo wenyewe kusema. Padre aliona kwamba Waluba wanayo falsafa, bali hawawezi kuieleza kwa mpango. Basi ni kazi ya Mzungu kuwaeleza yaliyo ndani yao. Hapo anampa mtu heshima kwa mkono wa kuume na kumnyang'anya ulimi kwa mkono wa kushoto. Miaka kama kumi baadaye Padre Alexis Kagame wa Rwanda alionyesha kwamba mwana wa nchi aweza kuchambua lugha yake mwenyewe na kueleza fikira za watu wake.

Kasoro ya pili ilitajwa mwaka 1950 na mshairi Aimé Césaire wa Martinique, tena kwa ukali. Alisema kwamba kitabu hiki kinawapa Wabantu heshima ya mawazo, huku mishahara, nyumba na chakula vikibaki vile vile. Shutuma hiyo si ndogo. Desemba 1941, miaka minne tu kabla ya kitabu, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma Elisabethville kwa ajili ya mshahara walipigwa risasi, wengi wakafa. Kwa haki tuseme kwamba Padre Tempels mwenyewe aliwahi kuandika magazetini akiwatetea wenyeji. Lakini msomaji wa kitabu peke yake aweza kukifunga akidhani kwamba kumfahamu mtu kunatosha, na kumtendea haki si lazima.

Sasa tuitazame Jamaa. Aliporudi Kongo, Padre alitumwa Ruwe, penye wafanyakazi wa migodi na wake zao. Baadaye, katika kitabu chake kingine cha mwaka 1962, *Notre rencontre*, aliungama kwamba hapo zamani alikuwa amekuja kama bwana mkubwa, mwenye kuamuru na kufundisha, na kazi yake haikuzaa alivyotumaini. Ndipo akaanza kuwauliza watu: ninyi ni nani, na mwatamani nini? Jibu alilopata likawa maneno matatu ambayo Jamaa iliyashika sana: uzima, uzazi, mapendo. Naye akaona kwamba aliyekuja kuwafundisha alikuwa na kiu ile ile.

Hapa padre anakuwa mtu mwingine kuliko yule wa mwaka 1945. Kwanza alisema juu ya watu. Sasa anasema na watu, nao wanamjibu. Katika Jamaa mtu hakuingia kwa kulipa ada wala kwa kupewa kadi. Mume na mke waliingia pamoja. Walipokewa na mume na mke waliotangulia, wakafundishwa nao hatua kwa hatua, kwa Kiswahili cha Katanga, mpaka wakawa watoto wao wa kiroho. Kisha nao wakaenda kuzaa wengine. Wakaitwa baba na mama. Mke hakuwa mfuasi nyuma ya mumewe, maana bila yeye njia haikwenda. Na padre pia alipokewa, akawa ndugu kati ya ndugu. Tukumbuke kwamba hayo yalianza miaka tisa kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufunguliwa mwaka 1962, na ni Mtaguso huo uliotukumbusha kwamba wabatizwa wote ni Taifa la Mungu na wote wana sehemu katika kazi ya Kristu.

Kwa maoni yetu, kazi bora ya Padre Tempels ni hii ya pili, ijapokuwa wasomi wamezoea kuhesabu ile ya kwanza. Kitabu kinafundisha kwamba mtu huishi kwa kuungana na wenzake. Jamaa iliwapa watu wa kambi, waliotoka vijiji vya mbali na kuacha ukoo wao nyuma, wenzake wa kuungana nao.

Lakini hatuwezi kuisifu Jamaa bila kuipima. Padre Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, asirudi tena kufanya kazi. Akafariki Ubelgiji mwaka 1977. Mti ulianza kuota matawi mabaya. Mafundisho ya hatua kwa hatua yaligeuka kwa wengine kuwa siri, na siri huzaa kiburi: sisi tumejua, ninyi hamjajua. Wengine, walioitwa Katete, walipotea zaidi, wakachanganya umoja wa roho na mambo ya mwili. Katika miaka ya 1970 maaskofu waliingilia kati na kuweka masharti makali, na wengi wakajikuta nje ya Kanisa waliloliita mama.

Tunasikitika kwa ajili yao, kwani si wote waliokuwa na nia mbaya. Kosa lenyewe twaliona hivi: mapendo yaliyowakusanya yaliishia kati yao. Waliopendana walisahau kumtazama aliyesimama mlangoni. Bwana wetu alipoosha miguu ya mitume hakuwauliza kwanza wamefika hatua ya ngapi.

Maaskofu wa Kongo walikuwa wameanza tangu mwaka 1961 kuhimiza jumuiya ndogo za wakristu, nyumba kwa nyumba, zenye mlango wazi kwa jirani yeyote. Ndizo tulizo nazo leo. Tusidhani kwamba zimeepuka hatari zote mbili. Jumuiya ambayo kiongozi mmoja husema na wengine huitikia tu imerudia kosa la kitabu. Jumuiya ya marafiki wachache wanaojuana, ambao mgeni huwasalimu na kuondoka, imerudia kosa la Jamaa. Na ile inayosali rozari nyumbani kwa mjane na kuondoka pasipo kuuliza kama amekula, Césaire angeicheka, nasi tusingekuwa na jibu.

Basi, ndugu zetu wa Kasomeno, tufanye jambo moja. Katika mkutano ujao wa jumuiya, tumpe nafasi ya kusema yule ambaye hajasema tangu mwaka uanze. Tumwulize jinsi lile swali la Ruwe lilivyoulizwa: wewe ni nani, na watamani nini? Kisha tumpe kazi: kutembelea mgonjwa, kufagia kanisa, kubeba maji siku ya msiba. Aliyepewa mzigo wa nyumba ajua kwamba nyumba ni yake. Na kama kesho njia itamchukua kwenda Kasenga au Pweto, huko atakuwa na neno la kuwaambia wenzake juu yetu.