Pongezi kwa Wapulizaji wa Kioo

Chupa za kale za kioo zenye mkono, ambazo leo zimehifadhiwa katika makumbusho mengi duniani, ni matunda ya upulizaji wa kioo, ufundi ulioanza mashariki mwa Mediterania katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Malighafi yake ilikuwa mchanga wenye kwatzi, yaani lile jiwe gumu jeupe ambalo wachimbaji wa Makongolosi, wilayani Chunya, hulisaga wakitafuta dhahabu, uliochanganywa na magadi ili uyeyuke kwa joto la chini zaidi. Kazi ngumu ilikuwa mkono wenyewe, kwani fundi alibandika donge la kioo cha moto kwenye bega la chupa, akalivuta juu, akalikunja na kulikandamiza chini ya mdomo kabla halijaganda, na mikunjo hiyo inaonekana hadi leo. Kioo kilifika hata Azania, jina la Kigiriki la pwani ya Afrika Mashariki: Periplus, mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, unakitaja, na mwanaakiolojia Felix Chami alifukua shanga za Kirumi katika delta ya Rufiji. Kwa mikunjo ile pekee, mafundi hao, wengi wao wasiojulikana hata majina, wanastahili pongezi.