Nahodha Asiye na Haraka

Mashine huzimwa mapema kuliko abiria wanavyotarajia. Kisite bado iko mbele, kisiwa kidogo cha mawe kisicho na mkazi, kusini mwa pwani ya Kenya, na maji yanayokizunguka yana rangi tele: nyeupe palipo na mchanga, hudhurungi palipo na mwamba, buluu iliyokolea palipo na kina. Nahodha amenyamaza, mkono juu ya usukani, anauacha mwendo uliobaki umalize kazi. Kwenye gubeti amesimama kijana na upondo. Anautia majini na kusikiliza kwa viganja. Ukigota, ni mwamba. Ukizama kwa ulaini, ni mchanga. Hasemi neno. Ananyoosha mkono kushoto na chombo kinakwenda kushoto, mpaka boya la kufungia vyombo linafika ubavuni. Kijana analivuta kwa kulabu, kamba inapigwa fundo, na wote tumefika bila kusikia kishindo.

Pwani yetu husifu mafundi wake. Tunamsifu mchonga milango wa Lamu, mwashi wa chokaa, fundi anayeunga mbao za jahazi, bibi anayesuka mkeka. Hao kazi zao hubaki, zikashikwa, zikauzwa, zikarithiwa. Nahodha anayepeleka watu kutazama matumbawe hana cha kuonyesha. Kazi yake ikifanywa sawasawa, alipopita hapana alama: hakuna tawi lililovunjika, hakuna samaki aliyetimuliwa, hakuna mtu aliyekunywa maji ya chumvi. Ustadi wake wote uko katika yale ambayo hayakutokea. Ndiyo maana hasifiwi, na ndiyo maana ufundi huu unapotea bila kuliliwa.

Safari yenyewe huuzwa kwa picha. Hotelini Diani utaonyeshwa pomboo, maji ya samawati, na sahani ya kaa kisiwani Wasini baada ya adhuhuri. Picha hizo hazisemi uongo. Ila nahodha hayumo, na mnunuzi hudhani ananunua mahali, kumbe anachonunua ni maarifa ya mtu.

Maarifa hayo huanza na mwezi, kabla hata ya kufika gatini Shimoni, kijiji cha bara safari inakoanzia. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: bahari ya huku hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, ikapwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa saa kumi alasiri. Nusu ya mwezi ni maji mafu, na mkondo hulegea. Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Mtu aliyelelewa Wasini au Mkwiro hahitaji karatasi ya kumwambia hayo. Anajua kama anavyojua saa ya swala.

Sasa basi, saa nne ya bamvua ndiyo hasa saa ambayo mgeni wa hoteli, akishamaliza staftahi na kusafirishwa kwa basi, angetaka awe majini. Nahodha anajua kwamba saa hiyo vichwa vya matumbawe vimekaribia uso wa bahari. Mgeni akichoka atatafuta pa kusimama, na pa kusimama pekee patakuwa juu ya kiumbe hai. Kwa hiyo nahodha hukawia. Huzunguka na watu nje ya visiwa vya jirani, Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini, huwatazamisha ndege, huwapa chai ya tangawizi. Anangoja maji yaanze kujaa, kwani maji ya kujaa huingia safi kutoka bahari kuu, na maji ya kupwa hutoka na uchafu wa mikoko. Mgeni ataona samaki vizuri zaidi, na hatajua ni kwa nini.

Kisha kuna upepo. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia na safari huwa tamu. Kusi ikishika, hasa Juni na Julai, mlango wa Wasini huweza kuwa shwari na huko nje Kisite mawimbi yakawa yanapanda chomboni. Wazee walikuwa na hesabu yao ya mwaka wa baharini, kuanzia Nairuzi, wakiigawa kwa miongo ya siku kumi kumi, na kila mwongo ukiwa na sifa zake za upepo na mvua. Waliojua hesabu hiyo walijua siku ya kutweka tanga na siku ya kupandisha chombo pwani. Leo ukimuuliza kijana gatini uko mwongo gani, atadhani unamtukana.

Lakini ninalolipenda kuliko yote ni namna mzee mmoja wa Wasini alivyokuwa akiwatia watu majini. Kwake hakuna aliyeruka. Aliwaketisha wote pembeni, akapita kwa mmoja mmoja na miwani ya maji. Kila mwenye kuvaa alitakiwa ateme mate kwenye kioo, asugue kwa kidole gumba, asuuze baharini. Mgeni aliyeona kinyaa aliambiwa kwa upole kwamba kioo kisichotemewa hufanya ukungu. Halafu mzee alimvisha mwenyewe. Alipitisha kidole pembeni mwa mpira, akitoa nywele zilizonaswa, wakati mwingine unywele mmoja tu, akirudia mpaka ameridhika. Unywele huingiza maji, maji huleta hofu, na mwenye hofu hupiga miguu hovyo. Tumbawe lililovunjwa na teke lilianza kuvunjika pale kwenye unywele. Mzee hakuwahi kulisema hivyo. Alikuwa anatoa nywele tu.

Msichana mmoja wa kutoka Nairobi alimuuliza, akitazama chombo cha jirani, "Mzee, mbona wale wameshaingia?"

"Waache, mwanangu. Nasi tutaingia maji yakituruhusu."

Yalipomruhusu, aliwateremsha kwa ngazi, wawili wawili, kila asiyejua kuogelea na anayejua. Mapezi hakumpa asiyeyazoea. Mkondo aliupima kwa kudondosha kipande cha ganda la dafu na kukitazama kinavyokwenda. Kwanza aliwaogelesha kuukabili, wangali na nguvu, ili wakichoka maji yenyewe yawarudishe. Nyuma ya tezi alikuwa amefunga kamba ndefu yenye dumu tupu la manjano mwishoni, na anayepitilizwa na mkondo alilikuta dumu limemsubiri. Watu walilishika wakicheka, wakidhani ni mchezo. Ilikuwa hesabu.

Huku juu hakulala wala hakushika simu. Alisimama wima, macho yakitembea kutoka kichwa hadi kichwa. Anayetazama chini muda mrefu ametulia. Anayeinua uso kila mara ana wasiwasi. Aliyesimama wima majini, miguu ikikanyaga, amekwisha. Kabla huyo wa tatu hajaita, kijana alikuwa ameshaingia na boya. Na kwa kuwa mashine ilikuwa kimya, walioko majini walisikia kitu ambacho wageni wengi wa Kisite huondoka bila kukisikia: pono akitafuna mwamba, kwa mdomo wake mgumu, karakara, karakara, kutoka kila upande.

Ujuzi huu haukuanzia kwa watalii. Watu wa Wasini na Shimoni walikuwa wavuvi na mabaharia kabla hapajawa na hoteli hata moja Diani. Walijua chewa hulala pango lipi, tasi hupita mlango gani, na wapi nyavu hunasa. Mwaka 1978 serikali ilitangaza hifadhi: kilomita za mraba 28 za Kisite zikafungwa kwa uvuvi, na 11 za Mpunguti zikaachiwa uvuvi wa asili peke yake. Si wote waliofurahi, na sioni kwa nini wangefurahi; mtu amenyang'anywa shamba la baba yake akaambiwa ni kwa faida yake. Hata hivyo baadhi yao walipata njia. Waligeuza majahazi yakawa ya kubebea wageni, na ujuzi wa kumtafuta samaki ili auawe ukawa ujuzi wa kumtafuta ili atazamwe. Mageuzi hayo yalifanywa na watu ambao wengi wao hawakuwa na cheti chochote, na yalifanywa kwa heshima.

Kisha zikaja boti za faiba na mashine mbili nyuma. Sina ugomvi na mashine. Mjamzito wa Wasini anayevushwa usiku kwenda hospitali bara anaidai kasi hiyo, na aipate. Ugomvi wangu ni na kasi iliyogeuzwa bidhaa. Boti inayofika upesi hairudi upesi ili nahodha akapumzike. Hurudi kuchukua kundi la pili. Muda ukishauzwa kwa vipande, hapana wa kungoja maji. Mgeni huingizwa saa ya ratiba, maji yawe yanapwa au yanajaa, na kijana wa usukani, ambaye hulipwa kwa mizunguko, hana la kusema. Kijana huyo si mbaya. Amepewa mashine kabla ya kupewa upondo.

Matokeo yako chini, ambako hayaonekani kutoka botini. Maboya yakishajaa, nanga hutupwa popote. Tumbawe la kichwa, lile la mviringo, hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Lenye urefu wa mita moja lilianza maisha babu wa babu zetu wakiwa hai, na nanga hulipasua katika muda wa kupiga chafya. Mkate hurushwa majini ili samaki wakusanyike kwa picha, wakaacha kazi yao ya kula mwani unaosonga matumbawe. Pomboo akitokeza, boti hukatiza kutoka pande zote, moja mbele, nyingine nyuma, mama na mtoto katikati. Nahodha wa zamani alimkaribia kwa ubavu, akaenda naye sambamba, akamwachia aamue kama anataka kuonana na watu.

Si Shimoni peke yake. Mnemba, kisiwa kilicho ng'ambo ya Matemwe huko Unguja, asubuhi za msimu vyombo hukaribiana hata moshi wa mmoja ukaingia puani mwa abiria wa mwingine. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, pomboo walikuwa wakivuliwa wawe chambo cha papa hadi miaka ya 1990, utalii ukawaokoa na chusa. Sasa utalii huohuo huwakimbiza mchana kutwa.

Atakuja mtu aseme kwamba mwamba hauuawi na nanga bali na joto. Ni kweli kwamba mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakageuka meupe katika pwani nzima ya Afrika Mashariki, na mengi hayakuamka. Ni kweli pia kwamba joto hilo limerudi tangu hapo, wala nahodha wa Wasini hakulileta. Lakini mgonjwa akiwa na homa, hiyo si ruhusa ya kumkanyaga kitandani. Tusiloweza kulizuia lisiwe kisingizio cha tunaloweza.

Na tunaloweza tumeliona Chumbe, karibu na mji wa Unguja, kisiwa chenye mnara wa taa wa mwaka 1904. Mwamba wake umelindwa tangu 1994, na waliowekwa kuulinda, wakafunzwa kuwaongoza wageni, walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Huko mgeni huingia na miwani na mrija, akiongozwa, kwa idadi isiyouzidi uwezo wa mwamba. Hawakuhitaji kuvumbua maarifa mapya. Waliyachukua yaliyokuwepo, wakayapa mshahara na muda.

Mshahara na muda ndivyo tulivyovinyima vijiji vingine. Tuna sheria za hifadhi, tuna askari wa wanyamapori, tuna tiketi za kuingilia. Hatuna utaratibu wa kumketisha mzee anayejua mkondo wa Kisite pamoja na kijana wa miaka kumi na minane, kaskazi moja na kusi moja, hata kijana ajue kupima maji kwa ganda la dafu. Wazee hao wanastaafu mmoja mmoja, magoti yakikataa kupanda ngazi, na kila mmoja hushuka gatini na ramani yake kichwani. Mwanawe yuko Mombasa anaendesha bodaboda, na hakuna wa kumlaumu.

Kwa hiyo msomaji, ukipata fedha na nafasi ya kwenda visiwani, nenda. Ni haki yako kuiona bahari yako, wala usiwaachie wageni wa mbali peke yao. Ila ukifika gatini usiulize boti ina mashine ya nguvu gani. Uliza maji yanaanza kujaa saa ngapi, na upande chombo cha anayejibu kwa kutazama bahari. Akikwambia ngoja, ngoja. Akikwambia leo haifai, mwamini, umlipe kesho. Haraka ilifundishwa na fedha zetu sisi abiria, na mpaka tutakapoanza kulipia subira, hakuna kijana atakayejifunza kungoja.