L na R: Kosa la Mwanafunzi au Kanuni ya Kiganda?

Mwalimu yeyote wa Kiswahili nchini Uganda amewahi kusahihisha sentensi kama hii: "Wananchi walipiga kula asubuhi." Kalamu nyekundu hupita, alama hupungua, na mambo huishia hapo. Kwa maoni yetu usahihishaji huo hautoshi, kwani nyuma ya kosa hili kuna kanuni.

Tahajia ya Kiganda inayotumika hadi leo ilisanifishwa mwaka 1947, baada ya miaka mingi ya Waprotestanti na Wakatoliki kuandika lugha moja kwa namna mbili. Kanuni yake mojawapo ni kwamba r huandikwa baada ya irabu e na i. Kwingineko huandikwa l. Katika Kiganda kanuni hiyo haipotezi maana, kwa sababu l na r ni sura mbili za fonimu moja. Katika Kiswahili ni fonimu mbili: kula si kura, wala mahali si mahari. Ndiyo maana tunasoma "habali" na "balabala", kisha mwanafunzi yuleyule anaandika "kirima" na "kerere". Anayemwita mzembe hajatazama irabu iliyotangulia.

Je, tahajia hiyo ni mbovu? La hasha. Inastahili sifa kwa kuonyesha urefu wa sauti: okusala (kukata) hutofautishwa na okusaala (kuswali), na okuta (kuachia) na okutta (kuua). Tunachokikosoa ni kwamba wasanifishaji walitoa herufi mbili kwa tofauti isiyobadili maana, wakaiacha toni, inayobadili maana, bila alama yoyote.

Tangu mwaka 2007 madarasa ya mwanzo ya shule za msingi, hasa vijijini, yamekuwa yakifundishwa kwa lugha za mahali. Kwa hiyo mtoto wa Buganda huizoea kanuni hii kabla ya kukutana na Kiswahili. Tunapendekeza mwalimu aiandike ubaoni kwanza, awaulize wanafunzi inavyofanya kazi kwao, kisha aweke kando yake jozi za Kiswahili kama kula na kura. Lugha ya nyumbani itakuwa msaada darasani, si mshtakiwa.

Wenzetu mnaofundisha wanafunzi wenye lugha nyingine, tuandikieni: je, kwenu kosa gani lina kanuni nyuma yake?