Tusingoje mbuzi apoteze meno

Picha za kampeni dhidi ya mimea vamizi zinafanana: watu na mapanga, eneo zima limefyekwa, idadi ya hekta kwa herufi kubwa. Tatizo ni kwamba kipimo hicho kinampa sifa aliyechelewa. Aliyeng'oa miche mitatu kabla haijazaa hana cha kupiga picha, basi hata bajeti hapati.

Tazama Baringo, Kenya. Mathenge uliletwa mapema miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kutoa kuni. Nia njema kabisa. Mifugo wakala maganda matamu, wakasambaza mbegu kwa kinyesi. Mwaka 2006 wanakijiji walifika mahakamani Nairobi na mbuzi asiye na meno, wakisema sukari ya maganda hayo ndiyo iliyoyaozesha. Ushahidi mzito, ila umechelewa miaka 20 na zaidi. Leo ukikata mti, kisiki kinachipua tena.

Utauliza: tutajuaje mmea adimu utakuja kuwa balaa? Swali la haki, maana mimea mingi ya kigeni haina madhara. Lakini Australia Magharibi hawakungoja. Kochia, malisho yaliyoingizwa 1990 kwa ardhi yenye chumvi, yalipoanza kutoroka waliyasaka shamba kwa shamba. Kufikia 2000, yalikuwa yametokomezwa.

Kwa hiyo tubadili kipimo. Tuulize: tangu mmea uonekane mpaka ung'olewe, zimepita siku ngapi? Na wewe ukiona usioujua, piga picha, mwonyeshe afisa kilimo. Leo, sio msimu ujao.