Punje Iliyojikunja

Kazi inaanza kwa kufunika. Kabla ndevu hazijachomoza, mtafiti wa mbegu analivisha kila hindi changa kimfuko cha karatasi. Kila unywele wa ndevu hizo ni njia ya punje moja, na chavua ya mgeni ikitangulia, punje hiyo imepotea. Wakulima wa kwetu wanalijua hili bila darasa: jirani akipanda mahindi ya njano, meupe yako hutoka na punje za njano msimu uleule. Kwa mahindi matamu hasara ni kubwa zaidi, kwani chavua ya mahindi ya kawaida hurudisha wanga palipotakiwa sukari.

Huko Queensland, Australia, watafiti wamezalisha mahindi matamu yenye zeaksanthini nyingi, rangi asilia ya kundi la karotenoidi inayojikusanya katikati ya retina ya jicho. Mahindi matamu tuliyozoea ni ya njano, na zeaksanthini yake ni haba. Rangi inayotafutwa ni ya chungwa, dalili ya zeaksanthini nyingi.

Siku moja kabla ya kuchavusha, mtafiti anakata ncha ya hindi changa kwa kisu ili ndevu ziote upya, sawasawa kama brashi. Mbelewele anazifunga kwenye mfuko mkubwa na kuubana shingoni. Chavua ya kigeni iliyokwisha kuzitulia itakufa usiku huohuo. Asubuhi, umande ukikauka, anainamisha bua na kuupigapiga mfuko kwa vidole; unga wa manjano unashuka. Anakinga upepo kwa mgongo wake, anafunua, anamimina, anafunika. Ni sekunde chache tu. Kisha anabana kwa stepla na kuandika namba ya mama, namba ya baba na tarehe, kwa penseli, maana wino hauaminiki kwenye mvua.

Akichanganya mahindi ya chungwa yenye wanga na mahindi matamu, kizazi cha kwanza humvunja moyo asiyejua: punje zote zimejaa wanga, utamu hauonekani. Anapanda tena, na safari hii anachavusha kila mmea kwa chavua yake wenyewe. Hindi likikauka, hesabu inajitokeza kwenye gunzi lenyewe: kwa wastani, punje moja kati ya nne imejikunja kama zabibu kavu. Hiyo ndiyo tamu. Anazipukuchua hizo peke yake, akichagua zilizokolea rangi, huku akijua kwamba mbegu ya namna hii ina akiba ndogo na huota kwa shida.

Hata hivyo rangi humpa fununu tu. Betakarotini, karotenoidi nyingine, nayo huleta chungwa, na jicho haliwezi kuzitenganisha. Tena mahindi haya huliwa mabichi, yapata siku 20 baada ya kuchavushwa, kwa hiyo lazima yapimwe yangali na maziwa. Katika kila mstari anachuma machache kwa ajili ya maabara na kuyaacha mengine yakomae kwa mbegu. Sampuli hugandishwa na kusagwa penye mwanga hafifu, kwa sababu mwanga na joto huharibu karotenoidi.

Vizazi sita au zaidi vya kujichavusha hupita kabla tabia za mstari mzazi hazijatulia. Ndipo wazazi wawili hukutanishwa kupata chotara. Majibu ya maabara yakifika, anashuka shambani na daftari. Mistari mingi inapigwa alama ya kuachwa, pamoja na ule aliousifia rangi mwezi uliopita.